Kupunguza Umeme wa Kituo cha Data: Anza na Njia ya Hewa

Bili ya umeme ikipanda, wengi hukimbilia kununua viyoyozi vipya. Subiri kwanza. Mara nyingi baridi ipo ya kutosha, ila haifiki kwenye seva.

Hatua ya 1: Pima. Chukua umeme wote unaoingia kituoni, ugawe kwa umeme unaofika kwenye seva, vifaa vya kuhifadhi data na vifaa vya mtandao. Jibu ndilo PUE, kipimo cha ufanisi wa umeme wa kituo; likikaribia 1 ndiyo bora. Kituo kinachovuta kilowati 180 huku vifaa vikitumia 100 kina PUE ya 1.8. Pima kwa miezi, maana hali ya hewa hubadilika.

Hatua ya 2: Zima seva zisizo na kazi. Tafuta mwenye kila mashine kabla hujaichomoa. Kazi ndogondogo zihamishie kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoshiriki seva moja. Usishtuke PUE ikipanda baada ya hapo: kigawanyo kimepungua, lakini kilowati-saa zimeshuka, na hizo ndizo unazolipia.

Hatua ya 3: Tenganisha hewa ya baridi na ya moto. Hapa usiharakishe. Panga raki (makabati ya seva) zitazamane uso kwa uso, ili njia moja iwe ya baridi na inayofuata iwe ya moto. Ziba kila nafasi tupu ndani ya raki kwa vibao vyake. Pengo moja tu linatosha kurudisha hewa ya moto mbele ya seva. Ziba pia matundu ya nyaya sakafuni, na vigae vyenye matundu viwe kwenye njia ya baridi pekee. Kisha funga kipima joto mbele ya raki, chini, katikati na juu. Juu kukiwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa, hewa bado inachanganyika. Rudi ukazibe.

Hatua ya 4: Punguza kasi ya feni za viyoyozi. Umeme wa feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: ukipunguza kasi kwa asilimia 20, matumizi yanashuka hadi karibu nusu. Hakikisha pia viyoyozi havipingani, kimoja kikiongeza unyevu na jirani yake akiukausha. Nimeona jambo hili likipita bila kuonekana kwa sababu chumba kilikuwa na hali nzuri tu.

Hatua ya 5: Pandisha joto. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upashaji joto na upoozaji hewa, inapendekeza nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi kwa hewa inayoingia kwenye seva. Chumba cha nyuzi 19 kina nafasi kubwa ya kupanda. Ongeza nyuzi 1, subiri siku chache, soma kipimo cha raki yenye joto kuliko zote, ndipo uongeze tena. Fuatilia na umeme wa seva zenyewe, kwa kuwa feni zao huongeza kasi hewa ikipata joto. Matumizi yao yakianza kupanda kuliko unachookoa kwenye viyoyozi, rudi nyuma nyuzi 1 na ubaki hapo.