Uko kwenye mateso na hujui umwambie nini Mungu? Anza hivi

Naandika hasa kwa nyie mnaouguza, maana hapa Moshi ukikaa tu kwenye mabenchi ya hospitali ya KCMC utaona watu wametoka Rombo, Same, Babati mpaka Singida, wameshika bahasha za eksirei, wengine wameshauza ng'ombe, na wengi wanajiuliza kimoyomoyo hivi nimemkosea nini Mungu.

Kwanza acha kutafuta kosa. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo kwenye Yohana 9, huyu kipofu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, akawajibu sio yeye wala wazazi wake. Kwa hiyo mtu akija kukwambia mtoto haponi sababu imani yako ndogo, sijui laana ya ukoo, toa hela uombewe, usibishane nae, ondoka. Na dozi usiache jamani, maombi na dawa havigombani.

Ukishatoka hapo, mlalamikie Mungu mwenyewe. Hapa ndio wengi tunakwama, tumelelewa kwamba mbele za Mungu unajikaza unashukuru tu, wakati usiku umelia mpaka mto umelowa. Fungua Zaburi 13, ina mistari sita tu, inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na hiyo hata lini anairudia mara nne kabla hajaomba kitu chochote. Isome kwa sauti, pale penye adui weka jina la ugonjwa, au deni, au huyo aliyekuacha na watoto. Mstari wa tano anaanza kusema amezitumainia fadhili za Mungu, sasa kama we hujafika huko ishia wa nne, kesho urudi tena. Zaburi 88 yenyewe inaishia gizani kabisa na bado imo kwenye Biblia! Na Yesu msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi 22, mbona umeniacha, na kwangu mimi hili ndio linanishika kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, kwamba huyu ninayemlilia anakujua kuachwa.

Usilazimishe tumaini lije haraka. Angalia Warumi 5, Paulo anaanza na dhiki, inakuja saburi, afu uthabiti wa moyo, tumaini ndio linakuja baada ya hayo. Na kama unasubiri uelewe sababu ndio upate amani, soma Ayubu, Mungu alisema nae sura nzima nzima na sababu hakumwambia.

Wale rafiki zake Ayubu nao tujifunze kwao, walikaa nae chini siku saba bila neno, wakafanya vizuri sana, walipoanza kueleza kwa nini ndio wakaharibu. Kwa hiyo ukienda msibani usikimbilie "ni mapenzi ya Mungu", kaa, osha vyombo, menya ndizi.

Na wewe unayeumia kubali kusaidiwa, iambie jumuiya yako ya kanisani unahitaji nini na siku gani. Kuna mama wa Kibosho alikuwa anamuuguza mumewe, jumuiya yao walipanga zamu, kila siku mmoja anapanda daladala na hotpoti ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, yule baba alikuwa anakula vijiko vichache tu, basi mama anamimina kwenye kikombe anampelekea kijana wa kitanda cha pili ambae hakuwa na ndugu mjini, anamshikia kikombe mpaka amalize. Mumewe alikuwa bado mahututi. Aliniambia saa hiyo ya mtori ndio saa pekee anaona siku yake ina kazi, na mimi naamini maana ya mateso watu wengi wanaipata hivyo, mikononi, kabla haijafika kichwani.

Ila ukiona wiki zinapita hulali, huli, au umeanza kuwaza kujidhuru, hiyo usiiachie Zaburi peke yake, mwambie mtu leo leo, mchungaji au padri wako akusindikize kwa daktari, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inatibika, na usiku huo usilale peke yako.