Thredi za plagi zikiliwa kwenye hedi ya Triumph ya zamani: ninavyoweka bushi hatua kwa hatua

Wakuu, kama una pikipiki ya zamani ya Kiingereza yenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya alumini, iwe Triumph, BSA au Norton, iko siku utakuwa unakaza plagi (ile inayotoa cheche ndani ya silinda) na utasikia spana inazunguka tu, haikazi. Moyo unashuka kabisa, naijua hiyo hali. Mimi nafanya ufundi huku Coventry, maili chache kutoka Meriden, pale Triumph walipojenga kiwanda kipya na kuanza kazi 1942 baada ya kile cha mjini kupigwa mabomu 1940, wakafunga 1983, kwa hiyo hizi Bonneville zinaingia mikononi mwangu mara kwa mara. Ninayoitolea mfano ni Bonneville T120 ya 1966, injini ya cc 650, tundu la plagi upande wa kushoto thredi zote zimeisha, na dawa yake ni bushi, yaani kipande cha chuma chenye thredi mpya kinachokaa ndani ya tundu.

Kwanza tuelewane kwa nini zinaliwa, maana ukiziba tundu bila kujua sababu utarudi hapohapo. Plagi ni chuma, hedi ni alumini, na alumini ni laini. Mtu anakaza kwa nguvu za mkono, au anafungua injini ikiwa bado ya moto, au anaingiza plagi imelala kidogo halafu analazimisha na spana. Lakini hii ya leo ilikuwa na sababu ambayo wengi hawaijui: mwenye nayo wa zamani alikuwa anafunga plagi fupi. Tundu la hedi hii linataka plagi yenye thredi ya urefu wa milimita 19, yeye akaweka ya 12.7, basi zile thredi za chini zikabaki wazi ndani ya moto miaka na miaka zikajaa kaboni ngumu kama jiwe. Siku mwenye mpya akanunua plagi sahihi ndefu, akaikaza, ikafika kwenye kaboni ikagoma, akaongeza nguvu, na alipokuja kuifungua ikatoka na alumini yote. Plagi sahihi imeua hedi. Kwa hiyo ukinunua pikipiki ya namna hii chungulia kwanza kwa tochi kabla hujabadilisha urefu wa plagi.

Kitu kingine, injini hizi karibu kila nati ni ya inchi, ila plagi ni ya milimita, upana 14 na nafasi kati ya thredi 1.25. Usije ukaagiza tapu (kifaa cha kukatia thredi) ya inchi.

Hatua ya 1. Hakikisha kweli zimeisha. Kama ni thredi mbili tatu za juu tu ndio zimepinda na za chini nzima, usitoboe chochote. Kuna tapu ya kurudisha nyuma, unaiingiza ikiwa imefungwa, unaitanua ndani, halafu unaizungusha ikitoka nje, yaani inaanzia kwenye thredi nzima inakuja kunyoosha zilizoharibika. Nimeokoa hedi kadhaa hivyo. Alumini ukishaikata hairudi, kwa hiyo kukata kuwe ni njia ya mwisho.

Hatua ya 2. Vua hedi. Najua kuna watu wanafanya hii kazi hedi ikiwa juu ya injini, wanapaka grisi kwenye tapu ili ishike unga wa alumini halafu wanapuliza na upepo. Mimi sifanyi, na sitakushauri. Kipande kimoja kikibaki ndani kinachana ukuta wa silinda, na pia hedi ikiwa kwenye fremu huwezi kuona vizuri kama tapu imesimama wima. Toa tangi, mabomba ya ekzosi, kabureta zote mbili, ule mkono unaoshika hedi na fremu, bomba la oili la roka (mikono inayosukuma valvu), kisha roka boksi, yaani visanduku vinavyozifunika. Bolti za hedi kwa mwaka huu ni 9, kuna zinazopita ndani ya roka boksi zenyewe, na iko moja katikati ya silinda ambayo watu huisahau halafu wanaanza kugonga hedi na nyundo. Legeza zote kidogokidogo kwa kuzunguka, robo robo, injini ikiwa baridi kabisa, la sivyo hedi inapinda. Valvu nazo nazitoa, sitaki unga uingie kwenye vile vibomba ambamo mikia ya valvu inapita.

Hatua ya 3. Safisha chumba cha moto na utafute ufa kati ya tundu la plagi na siti za valvu. Ukiona ufa simama hapo, hiyo ni kazi ya mtu wa kuchomelea alumini kwanza, bushi haitasaidia.

Hatua ya 4. Chagua utakachoweka. Kuna Helicoil, ambayo ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi, na kuna bushi ngumu kama Time-Sert, ambayo ni kipande kizima cha chuma chenye thredi nje na ndani. Vyote vinafanya kazi, lakini kwa tundu la plagi mimi naweka bushi ngumu. Plagi inatoka na kuingia mara nyingi, na nimeshapokea pikipiki ambayo plagi ilitoka na waya umejiviringisha juu yake. Waya naupenda kwa stadi (bolti zisizo na kichwa), nitaeleza chini. Chochote utakachochagua, kiwe na urefu unaolingana na plagi ya milimita 19.

Hatua ya 5, na hapa ndipo kazi ilipo. Funga hedi kwenye vaisi yenye mbao laini mdomoni, au kwenye meza ya drili ya kusimama kama unayo. Ile sehemu bapa ambapo washa (pete) ya plagi inakalia ilikatwa kiwandani ikiwa mraba na tundu, kwa hiyo hiyo ndio mwongozo wako: weka skweya ndogo (kipimo cha pembe mraba) pale, angalia rima (kifaa cha kupanulia tundu) iko wima pande mbili, zungusha mara moja, angalia tena. Miaka ya mwanzo niliwahi kufanya hii kwa drili ya mkono nikaamini jicho langu, plagi ikakaa imelala, washa ikashika upande mmoja na kompresheni ikavuja, ikabidi hedi ikajazwe alumini kwa kuchomelea na kukatwa upya. Tangu hapo rima naizungusha kwa mkono, taratibu, inafuata tundu la zamani yenyewe.

Ukimaliza rima, kata ile ngazi ndogo ya juu ambapo shingo ya bushi itakaa, kisha tapu. Mafuta ya kukatia alumini mimi natumia mafuta ya taa, hakuna kinachoyashinda kwa bei yake. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na kila mizunguko miwili mitatu toa tapu yote uisafishe. Ukisikia inakuwa nzito ghafla usilazimishe, kuna unga umejaa kwenye mifereji.

Hatua ya 6. Osha kwa maji ya moto na sabuni, puliza, kausha. Oili ikibaki kwenye thredi bushi haitakaa sawa. Ingiza bushi kwa kifaa chake, ambacho unakipaka oili kidogo. Mwishoni kitakuwa kizito, usiogope, endelea, maana hapo kinatanua thredi za chini za bushi zibane kwenye alumini. Ikipita, kinalegea chenyewe.

Bushi isizidi kuingia kwenye chumba cha moto hata kidogo. Ncha ya chuma ikitokeza inawaka nyekundu na kuwasha mafuta kabla ya wakati, na pistoni inatoboka. Juu nako isizidi pale washa inapokaa, kwa sababu plagi inapoza joto lake kupitia washa na thredi, ikikaa vibaya inaungua.

Hatua ya 7. Rudisha. Gasketi ya shaba nyekundu unaweza kuitumia tena kama haijachanika, ichome mpaka iwe nyekundu ya gizagiza, itumbukize kwenye maji, italainika. Bolti za hedi kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wa kitabu cha mwaka wako, kuanzia katikati. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi: za kuingiza inchi 0.002, za ekzosi 0.004. Plagi ingiza kwa vidole mpaka ikae, halafu nusu mzunguko hadi theluthi mbili kama washa ni mpya. Kama washa imeshatumika, inatosha kusogeza kidogo sana, kama saa moja kwenye uso wa saa. Kwa toki ni Nm 25 hadi 30 thredi zikiwa kavu, ukipaka grisi ya shaba punguza.

Washa injini, paka maji ya sabuni kuzunguka plagi kabla haijapata moto. Povu likichemka, inavuja.

Sasa stadi. Zile za kabureta na roka boksi nazo hula thredi, na hapo Helicoil inatosha kabisa. Kwa injini za kabla ya mwisho wa miaka ya 60, thredi za ndani ya alumini mara nyingi ni Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza. Inchi 5/16 ina thredi 18 kwa inchi, na UNC (mfumo wa Kimarekani) ya saizi hiyo pia ina 18, kwa hiyo bolti itaingia na utadhani umepatia, lakini pembe ya Whitworth ni digrii 55 na ya UNC ni 60, zinashikana kwenye ncha tu na zitakula tena. Pima kwa thredi geji, agiza seti ya vifaa vya Helicoil vya Whitworth, toboa kwa drili ya milimita 8.3, na waya uishie robo hadi nusu mzunguko chini ya uso. Ule mkia wa waya uvunje na uutoe kabla hujafunga stadi.

Hiyo T120 imerudi kwangu baada ya wiki mbili kukaza tena hedi, plagi ya kushoto nikaifungua ikiwa baridi, ikatoka kwa vidole baada ya mguso mmoja wa spana, na bushi haijasogea.