Kabla hujaiuza ile saa ya babu

Kitu cha kwanza usiisafishe. Najua mkono unawasha, saa imelala kabatini huko Shela miaka na miaka, hewa ya chumvi imekula ukanda na uso umegeuka rangi ya chai, unaona bora upitie kwa fundi akupigie polishi kidogo ing'ae ndio mnunuzi apagawe. Basi hapo ndipo pesa inapopotea. Saa za zamani watu wanalipia uso wa asili kuliko kitu chengine chochote, hata uwe na madoa, na bodi ikishapigwa polishi zile kona zake kali zinalainika na hazirudi tena. Maji nayo iepushe, hata kama nyuma imeandikwa haiingii maji, manake ile mipira ya ndani ilishakauka zamani.

Halafu kuna hadithi. Malindi hapa kila saa ya zamani ati ilikuwa ya Mtaliano wa San Marco, wale mainjinia wa roketi kule Ngomeni, na ikiwa ni Omega basi ishakuwa ile ya mwezini. Roketi kweli zilirushwa, hata setilaiti ya Uhuru ilitoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, lakini hilo haliifanyi saa kuwa ya injinia. Hiyo Omega, Speedmaster, iliyovaliwa mwezini 1969 ni ya kutia ufunguo kwa mkono, kwa hivyo ukiambiwa ndio hiyo na ndani mna betri, we aga vizuri uende zako. Hadithi inayolipa ni yenye ushahidi. Rolex Daytona ya Paul Newman, yule mwigizaji wa Marekani, iliuzwa mnadani New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, na nyuma yake pamechongwa maneno ya mkewe ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, na aliyeiuza alipewa na Newman mwenyewe. Sasa kama nyumbani mna picha ya babu kaivaa, au risiti, au boksi, au barua ya aliyemletea kutoka Muscat, hata karatasi iwe imeliwa na mchwa, tafuta uziweke pamoja na saa kabla hujaongea bei na mtu.

Namba ndio za kuandika mapema. Rolex za zamani ukanda lazima utoke, namba ya modeli imechongwa ubavuni upande wa 12 na ya usajili upande wa 6, na zikiwa zimefifia sana basi bodi ishasuguliwa. Omega nyingi za zamani namba ya usajili iko ndani kwenye mashine. Seiko ndio rahisi na ndizo tulizo nazo wengi, geuza tu nyuma: tarakimu ya kwanza ya namba ya usajili ni ile ya mwisho ya mwaka, inayofuata ni mwezi, Oktoba ni 0, Novemba N, Desemba D. Kwa hivyo Seiko ya mashine 6139 ambayo usajili wake unaanza na 5N ni ya Novemba 1975, haiwezi kuwa ya 1965 sababu mashine hiyo imetoka 1969.

Hizo Seiko 5, HMT na Favre-Leuba zenye uso wa rangi kali, mpya mpya kama peremende, nyingi zimepakwa upya India na wakusanyaji wanazijua mbali. Angalia kwa kioo cha fundi, maandishi yamevimba au yamepinda, na kwenye Seiko tazama zile herufi ndogo chini kabisa ya uso, namba nne za mwanzo zilingane na zile za modeli zilizoko nyuma. Zisipolingana mara nyingi hiyo ni saa ya kuungaunga. Na ukiletewa Rolex yenye alama ya jambia usoni tulia kwanza. Ni kweli Sultani Qaboos wa Oman alikuwa akiziagiza za kutoa zawadi na zina bei kubwa, na ndio maana hiyo alama inaigizwa sana.

Usiku zima taa. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 60 zenye rangi ya kung'aa gizani zilipakwa radiumi, za baadaye tritiamu, hizi utaona T pembeni ya neno SWISS chini ya 6. Zote mbili zilishachoka kung'aa, kwa hivyo saa ya 1955 ikiwaka vizuri gizani mpaka alfajiri imepakwa juzi. Lakini radiumi yenyewe bado ina mionzi hata rangi ikishazima, kwa hivyo usimruhusu mtu kukwangua uso wala mishale, vumbi lake ukilivuta ni sumu.

Bei usichukue ile watu wanayoomba, mtu anaweza kuomba anachotaka. Tafuta zilizokwisha kuuzwa, modeli hiyo hiyo, hali hiyo hiyo, na ujue bei za minada mikubwa zinazotangazwa zina kamisheni ya mnunuzi ndani yake, muuzaji hapati zote. Kwa fundi nenda na ukae palepale akiifungua, piga picha ya mashine, na kama kuna kitu amebadilisha, mshale, kioo, hata kile kidude cha kutilia ufunguo, akurudishie cha zamani kwenye kijikaratasi, maana kuna mnunuzi atakayekiulizia hicho kabla ya saa yenyewe.