Kuku anakoroma: mfungue mdomo kabla hujafungua dawa

Mwongozo huu ni wa mwenye kuku wachache wa kienyeji nyuma ya nyumba. Nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa mtaani kwetu, ambaye tetea wake alishanyweshwa kila dawa iliyopo dukani na hakuna aliyekuwa amemchungulia mdomoni.

1. Mtenge. Sasa hivi. Chombo chake cha maji, chake cha chakula, na umhudumie wa mwisho.

2. Hakikisha siyo joto. Kuku hatoki jasho, kwa hiyo saa nane mchana atahema mdomo wazi, mbawa kaziachia. Mweke kivulini, mpe maji ya baridi. Akitulia, umemaliza. Mgonjwa utamsikia usiku, wenzake wakiwa kimya: anakoroma, anapiga chafya, au anarefusha shingo kila akivuta pumzi.

3. Mfungue mdomo. Hapa ndipo wengi wanaparuka.

Mviringishe kwenye khanga, mbawa zikiwa ndani, umpakate akiwa wima. Usimlaze chali wala usimbane kifua. Kuku anapumua kwa kutanua kifua, ukikibana unamkaba mwenyewe. Mtu mwingine ashike tochi ya simu. Bonyeza taratibu pembe za mdomo kwa vidole viwili, kisha shusha mdomo wa chini kwa ukucha. Nyuma tu ya ulimi utaona ufa mdogo unaofunguka na kujifunga. Hiyo ndiyo njia ya hewa. Subiri afungue mara kadhaa, usiangalie mara moja ukaridhika.

Ukiona utando wa manjano au mweupe ulioganda, mara nyingi ni ndui ya ndani, hasa kama kuna vipele kwenye upanga, wake au wa wenzake. Usiubandue! Panatoka damu, na damu huingia humo humo kwenye njia ya hewa. Ndui ni ya virusi, haina dawa ya kuiua. Mtaalamu atasafisha na kuzuia vidonda visioze. Utando ukiwa umeziba ule ufa, usingoje kesho.

Kamasi, harufu mbaya na uso uliovimba chini ya jicho: fikiria mafua makali. Hapo antibayotiki ina kazi.

Mdomo safi lakini anatikisa kichwa na kukabwa kama aliyepaliwa? Huenda ni minyoo ya koo, hasa kwa wadogo wanaochakura nje. Piperazini, ambayo ndiyo utakayopewa kwanza dukani, haiwafai minyoo hao. Ulizia levamizoli au fenibendazoli.

Ufa ule ukumbuke pia wakati wa kumnywesha. Tumia bomba la sindano lililotolewa sindano, tone moja moja pembeni mwa mdomo, na umsubiri ameze. Ukimimina, unamwagia mapafuni. Mimi sikubali kabisa kuchanganya dawa kwenye ndoo ya banda zima: mgonjwa hanywi ya kutosha, wazima wanakunywa isiyo yao.

4. Kinyesi cha kijani, shingo inapinda, wengine wanakufa ghafla? Acha yote, huo unaweza kuwa mdondo (kideri). Hauna tiba. Mwite afisa mifugo wa kata, mizoga ichomwe au ifukiwe chini sana. Usimuuze hata mmoja, wala usimpelekee shemeji kijijini.

5. Dawa. Kipimo ni cha kwenye kibandiko, na dozi imalizwe hata akianza kuwika-wika na kuchakura. Soma siku za kusubiri kabla ya kula mayai. Shubiri na pilipili kwenye maji mimi siziiti tiba.

6. Banda. Chuchumaa ndani mpaka usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia ya kinyesi, na wao wanaivuta usiku kucha. Toa maranda yote, weka makavu. Yenye ukungu yaache huko huko kwa fundi seremala. Magunia uliyozibia baridi yatoe sehemu ya juu, hewa ipite juu ya vichwa vyao.

7. Chanjo. Ya mdondo, ile ya I-2, ni tone moja kwenye jicho moja kila baada ya miezi 3, kwa kuku wasio wagonjwa tu. Haikingi mafua wala ndui. Ndui ina chanjo yake, huchomwa kwenye ngozi ya bawa.