Kutengeneza Kitabu cha Picha kutokana na Hadithi za Nyumbani

Kabla ya kuandika chochote, mrekodi bibi kwa simu anaposimulia kwa lugha aliyoizoea, iwe Kiganda au Kiswahili, kwa kuwa vibwagizo ambavyo watoto huviitikia ndivyo hupotea kwanza hadithi inapohamia kwenye karatasi. Kisha chagua hadithi moja tu.

Vitabu vya picha kwa kawaida huwa na kurasa 32. Hata ukizipunguza, idadi igawanyike kwa 4, maana karatasi moja ikikunjwa katikati na kupigwa pini hutoa kurasa nne. Weka sentensi mbili au tatu kwa kila ukurasa, na ufute maneno ambayo mchoro utayaeleza: ikiwa Sungura amechorwa nyuma ya mgomba, hakuna haja ya kuandika kwamba amejificha. Tukio la kushtua liwekwe pale msomaji anapofunua ukurasa. Mchoraji mweleze mazingira kwa kina, la sivyo atachora nyumba zisizofanana na za Masaka, Uganda, jambo ambalo binafsi huniudhi kuliko kosa la tahajia.

Nambari ya ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda. Wachapaji wengi wako Nasser Road, Kampala. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia zote.