Kuchonga kasa kwa kandambili zilizotupwa na bahari

Juzi mpwa wangu kaniletea kasa aliyemchonga kwa ajili ya maonyesho ya shule: gamba mkono huu, tumbo mkono huu. Nilicheka, maana wangu wa kwanza alinifanyia vivyo hivyo. Basi tukaanza upya, na nilivyomwelekeza ndivyo hivi.

1. Okota. Fuata mstari wa mwani maji yakishatoka. Msimu wa kusi huku Lamu hutapata shida, upepo unakuletea wenyewe. Kasa wa urefu wa rula hula kandambili kama 30. Chukua za sponji, za raba ngumu ziache kwa kazi nyingine. Ukiona vijiti vya alama ya kiota cha kasa, pita mbali.

2. Ng'oa kanda, osha kwa sabuni na brashi.

3. Gandisha kwa gundi. Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu. Sponji iliyokaa baharini hunywa maji ya chumvi kupitia matundu ya kanda na kila ilipochanika. Juu utaishika kavu, ndani bado. Kwa hiyo suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili, kisha anika kivulini penye upepo. Kaskazi siku mbili zinatosha. Kusi ngoja hata wiki. Usianike juani, zinajikunja kama papa mkavu. Kupima ni rahisi: kata moja katikati, bana kipande kwa karatasi ya chooni. Karatasi ikilowa, rudisha kambani.

Zikikauka, kwangua nyuso zote mbili kwa msasa hadi ung'avu uishe. Gundi ni ile ya manjano ya mafundi viatu. Ile nyeupe ya mbao usinitajie. Paka pande zote mbili, nyembamba, halafu subiri. Mpwa wangu alibandika ikiwa bado mbichi, ndipo kosa lilipokuwa. Gusa kwa kidole: isipokuganda, tayari. Lenga vizuri, kwa sababu ikishagusana hairudi nyuma. Tabaka nane, za juu zikipishana na viungo vya chini kama fundi anavyopanga matofali. Weka jiwe zito usiku kucha. Fanya haya nje, mvuke wa gundi ile unalevya, na sigara iwe mbali.

4. Chonga. Chora umbo ubavuni na juu, kata kwa kisu cha fundi viatu kilichonolewa. Wako wanaotumia grinda. Ni haraka, sikatai, lakini vumbi lake ni plastiki ile ile uliyoitoa baharini, sasa ndogo kuliko punje ya mchanga na hakuna wa kuiokota. Kisu kinatoa vipande, navyo vinajaza mto wa kulalia. Tandika turubai chini hata hivyo.

5. Mapezi na macho. Pezi la mbele refu, la nyuma fupi. Jicho ni kifuniko cha chupa.

6. Usipake rangi. Jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini hapa Lamu mwaka 2018, lilivishwa kandambili zipatazo 30,000, na ukiliona utajua rangi za kandambili zinatosha. Acha na unyayo uliochapika kwenye soli moja uonekane. Watu husimama hapo hapo, wanauliza ni mguu wa nani.

Tumboni andika jina la ufuo na idadi ya kandambili. Mpwa wangu aliandika 34, kwa kuwa nne zilishaharibikia kwenye kasa wa kwanza.