Kubadilisha kitenzi tener cha Kihispania kulingana na wakati

Tener maana yake "kuwa na". Usihangaike kukariri kila umbo; shika mashina manne yanayokwenda kombo: teng-, tien-, tuv- na tendr-.

Wakati uliopo ndio wenye vurugu (kwa mpangilio: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao): tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Nafsi ya kwanza umoja huingiza g. Kwingineko e hugeuka ie pale mkazo unapoangukia shina. Katika tenemos na tenéis mkazo umehamia kwenye kiishio, kwa hiyo e haiguswi. "Tienemos" ni kosa.

Kwa tendo lililokwisha kamilika: tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron. Wengi huandika "tuvé" na "tuvó" kwa kuiga hablé na habló, za kitenzi cha kawaida hablar ("kusema"). Hapa mkazo uko kwenye u, hivyo alama ya mkazo (´) haitakiwi.

Wakati ujao, e ya pili hudondoka na d huingia: tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán. Shina hilohilo hutoa tendría, "ningekuwa na".

Tenía, umbo la hali iliyokuwa ikiendelea zamani, halina taabu.

Ukishazoea, mantener ("kudumisha"), obtener ("kupata") na detener ("kusimamisha"), zilizojengwa juu ya tener, umezipata bure: mantengo, obtuve, detendré.